Makofi Yasiyoitikiwa

Ndugu zangu, naomba kinanda kinyamaze kwanza. Mchungaji amenialika nisimame hapa Busunzu niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitasema. Lakini jana aliponiuliza kama nimesamehe, nilimjibu bado, naye akasema, "Basi sema hivyo hivyo." Kwa hiyo nasema: nina hasira. Nimekuja nayo kanisani kama mtu anavyokuja na mtoto mgonjwa, kwa sababu hana pa kumwacha.

Mnanijua tangu nikipiga mpira wa majani ya mgomba. Mguu huu wa kushoto ndio ulionipeleka Marekani kusoma. Kule wakaniona watu wa mchezo wao, ule wa mpira mfano wa yai, ambapo wanaume waliovaa kofia ngumu wanagongana kama mafahali. Mimi sikuwa wa kugongana. Mwenzangu anausimamisha mpira chini, mimi naupiga upite katikati ya milingoti miwili mirefu. Ukipita, timu inapata pointi. Usipopita, uwanja mzima unakutazama wewe. Nilipomaliza masomo, timu ya kulipwa ikanichukua.

Msimu ule ulianza kama harusi. Mpira ulikuwa ukitoka mguuni kwangu unajua unakokwenda. Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, yule anayeuza dagaa soko la Kibondo, akanipigia simu.

"Vijana wa bodaboda wamebandika picha yako kwenye pikipiki. Wateja wananiuliza huo mchezo ukoje, nawaambia mwanangu anapiga yai na halipasuki!"

Mlijivuna ninyi. Msikatae. Nilikuwa wenu.

Kisha baridi ikaja, wenzangu wakaanza kuumia mmoja mmoja, tukafungwa, tukafungwa tena. Ukabaki mchezo mmoja wa kuamua kama msimu wetu unaendelea au umekufa. Theluji ilikuwa inaanguka. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kidogo tu, wakaniita. Nikapiga. Ule mpira, ndugu zangu, niliusikia ukigonga mlingoti. Mpaka leo nikisikia mtu anapasua kuni, nausikia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka, na si kwa kukosa. Kukosa ni kazi ya kila mpigaji. Nilivua kofia, nikamwendea kocha, mzee mwenye mvi. Nikafanya mlichonifundisha. Nikainamisha kichwa, nikakunja magoti kidogo, nikapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, sauti ndogo. Makofi ya kwetu Buha. Yale ya kumwambia mkubwa wako: nakuheshimu, nimekukosea, niko chini yako. Sikupanga. Mtu akiumia haumii kwa lugha ya kujifunza, anaumia kwa lugha ya nyumbani.

Kocha aliitazama mikono yangu kama mtu aliyeona nyoka. Akageuza uso.

Na kamera zilikuwa pale. Kabla sijafika chumba cha kubadilishia nguo, nchi nzima ilikuwa imeona: mpigaji amekosa, kisha anashangilia! Anawakejeli! Amehongwa! Nikaeleza. Nikaeleza tena. Waliandika kwamba najitetea. Wakaniambia nirudi porini nilikotoka. Baada ya siku chache bosi mmoja wa timu akaniita. "Hatukuachi kwa sababu ya mpira uliokosa," akasema. "Ni kile kitendo." Mkataba ukaisha hapo. Msimu mzima, yale mateke yote yaliyopita katikati, yakafutwa na makofi ya heshima.

Nikarudi. Nikajisemea, angalau nyumbani wanajua.

Ndugu zangu, nawaambia, nilishuka kwenye basi pale Kibondo nikiwa na begi begani, na sauti ya kwanza kuisikia ni ya kijana wa bodaboda: "Oyaa! Tupigie basi makofi, bro!" Mwingine akauliza, "Ulikula ngapi?" Wakacheka. Watu wazima waliokuwa pale nao wakacheka. Wengine mmekaa humu, kwenye mabenchi haya.

Wale wa kule hawakujua. Nina hasira nao, lakini hawakujua. Ninyi mlijua! Ninyi mnaopigiana makofi hayo hayo kila asubuhi kisimani mliitazama ile video kwenye simu zenu mkaacha kujua mnachokijua, kwa sababu Mzungu amesema.

Basi nikaacha kusalimu. Nikawa napita mbele ya wazee mikono iko mfukoni. Mkasema Marekani imeniharibu. Nikaanza pombe ya ndizi jua likiwa bado changa. Hata shangazi sikumpigia makofi. Alikuwa akinisalimu, namwangalia, nageuza uso. Mnaona? Nilikuwa nimegeuka yule kocha.

Asubuhi moja nimekaa uani, penye maharage yaliyoanikwa. Shangazi akaja na beseni lake la dagaa kichwani. Akalitua. Akakunja magoti mbele yangu, mama mtu mzima, akaanza kupiga makofi polepole.

"Shangazi, inuka! Unafanya nini?"

"Nyamaza. Naitikia."

"Unaitikia nini? Sijakusalimu."

"Ego, ndiyo, mimi hujanisalimu. Ulimsalimu yule mzee wa kule. Niliona. Salamu yako imekaa hewani muda wote huu, mwana wanje, hakuna aliyeishika. Naiitikia mimi."

Nililia mpaka kuku wakakimbia. Nikatoa mikono mfukoni. Nikampigia.

Akajitwika beseni lake, akaenda moja kwa moja kwa wale vijana wa bodaboda. "Kuanzia leo," akawaambia, "atakayenipigia makofi na kunisalimu 'mwakeye shangazi', nitatangaza sokoni kwamba amehongwa!" Nasikia walinyamaza mpaka adhuhuri.

Pombe nimeiacha. Sasa nafundisha mpira shuleni kule Kasulu, ule wa duara. Namshukuru shangazi, yuko pale nyuma, msimgeukie, ataona haya. Namshukuru na yule mama jirani aliyekuwa akiniletea ugali wa muhogo bila kuniuliza swali hata moja.

Ninalowaachia ni hili: mwenzenu akitukanwa ugenini kwa jambo mnalolijua, semeni mnalijua. Msisubiri aliye mbali awatafsirie mikono ya mtoto wenu.

Hasira bado ipo. Lakini sitaki kuwa mtu wa kugeuza uso. Kwa hiyo naweka kipaza sauti chini, nitawasalimu kama mlivyonifundisha. Mliocheka mnajijua.

Mikono yangu hii hapa. Nasubiri.