Mama Aliyekataa Kuitikia Asilolisikia

Baba Padre, wazee wa Chala mliotupokea, ndugu na majirani mlioondoka Pito alfajiri kwa lori, familia inawasalimu kwa heshima zote, na kabla ya kusoma inawaomba wazee wa benchi la mbele muwashe vifaa vyenu vya usikivu, maana kirusha sauti kipo hapa mezani, kando ya jeneza, na marehemu asingekubali historia yake isomwe mbele ya watu wanaotikisa vichwa tu.

Marehemu Winifrida Kisinza alizaliwa tarehe 12 Mei 1951 huko Wampembe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Evaristi Kisinza na Mama Jovina, na tangu utotoni alisifika kwa masikio yake, kwani aliutambua mtumbwi wa baba yake kwa mlio wa kasia kabla wenzake hawajauona, akakimbia kumwambia mama yake abandike sufuria. Alianza shule mwaka 1960, akafika darasa la nne mwaka 1963, akaachishwa ili alee wadogo zake, jambo alilolilalamikia mpaka uzeeni.

Tarehe 16 Septemba 1972 alifunga ndoa na Flavian Tenganamba wa hapa Chala, fundi wa injini, wakahamia Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, na Mungu akawajalia watoto watatu, Albina mwaka 1974, Cleophas mwaka 1978 na Jane mwaka 1982. Mwaka 1984 walinunua mashine ya kusaga, mume akawa fundi wake na mke akawa mwendeshaji, na kwa miaka ishirini na mitano mahindi na ulezi wa Pito nzima vilipita mikononi mwake. Kwa mlio tu alijua kama chekeche limetoboka, na kwa mlio tu alijua kama mahindi hayajakauka, hata hakuna mama aliyewahi kumdanganya akafanikiwa, lakini mashine nayo ilikuwa ikijilipa kidogo kidogo, na ilipozimwa mwaka 2009 ilikuwa imeshachukua masikio yake.

Hapa ni lazima tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza usemwe. Kwetu Ufipa mtu mzima haulizi jambo mara mbili, mzungumzaji anapoinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini msikilizaji huitikia “eee”, na marehemu kwa miaka kumi aliitikia “eee” kwa mengi asiyoyasikia, akikisia kwa nyuso za watu, akicheka wanapocheka. Mzee Flavian alikuwa amemwomba, zaidi ya mara moja, kwamba akifa azikwe Pito, shambani kwao, nyuma ya kibanda cha mashine. Alifariki tarehe 3 Agosti 2019, na katika kikao cha ukoo kaka yake mkubwa, Mzee Gaudensi, akiwa na uchungu na sauti imekauka, alimuuliza shemeji yake kama anakubali mdogo wake apelekwe Chala, kwenye makaburi ya baba zao. Mama Winifrida alitikisa kichwa, akasema “eee”.

Alijua alichokubali siku ya maziko, tarehe 5 Agosti, akiwa ameketi mbele ya gari lililobeba jeneza, alipoona shamba lao linapita dirishani na gari halipunguzi mwendo. Hakupiga kelele, kwa sababu mwenye kosa hakumwona mwingine zaidi ya yeye, na neno la mjane lilikuwa limeshatolewa mbele ya ukoo mzima. Jioni ile, hapahapa Chala, alimwambia Albina, “Mwanangu, kuanzia leo siitikii neno nisilolisikia,” na wote tuliomfahamu ni mashahidi kwamba kauli hiyo haikuwa ya msiba tu.

Kuanzia hapo kila aliyezungumza naye alikutana na neno moja, “Rudia.” Alilisema sokoni, akalisema kwenye jumuiya, na Jumapili moja aliinua mkono katikati ya mahubiri akamwambia Padre, “Baba, rudia,” na Padre, tunamshukuru kwa moyo wake, akarudia. Wapo waliomwona msumbufu. Mwaka 2020 Albina alimpeleka Mbeya akapata vifaa vya usikivu, vikamsaidia kwa mtu aliyekaa karibu, ila kanisani, palipo na mwangwi na watoto wanaolia, alisikia kelele bila maneno. Tena vifaa vile viliweza kupokea sauti kutoka kwenye simu kwa bluetooth, lakini simu ya aina moja tu, ambayo siyo aliyonunuliwa na Cleophas, na rafiki yake Mama Stefania, aliyepewa msaada vifaa vya kampuni nyingine, naye alikuwa na simu yake na shida yake. Duka moja mjini liliwaambia kila mmoja anunue kirusha sauti cha kampuni yake, kinachopeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja masikioni, ili kanisani viwekwe viwili, na mzee wa tatu akija viwe vitatu.

Marehemu alikataa katakata. Alisema mashine yake ilisaga mahindi ya kila shamba, na unga wake ulipikwa kwenye kila sufuria, wala haukuuliza sufuria imetoka kiwanda gani. Wazee wa kigango nao walipoamua kwa nia njema kuongeza spika kubwa, alisimama kwenye kikao akasema, “Kelele ndizo zilizonitoa masikio, hamwezi kunirudishia kwa kelele,” na hoja ya spika ikaishia hapo. Kwa miaka miwili alimtuma Cleophas huku na huko, mpaka alipoelezwa kwamba kampuni nyingi zilikuwa zimekaa zikakubaliana kanuni moja mpya, kwamba kirusha sauti kimoja kinachofuata kanuni hiyo kitasikika kwa wakati mmoja kwenye vifaa vya kampuni yoyote iliyoifuata, viwe vya usikivu au vya kuchomeka masikioni tu, bila kujali nani alikitengeneza.

Kikwazo kilikuwa kwamba vifaa vyake vya zamani havikuifahamu kanuni hiyo, wala vya Mama Stefania. Ndipo alipouza injini ya mashine, iliyokuwa imekaa kibandani tangu mwaka 2009, akasema iliyokula masikio na iyarudishe, na kwa fedha hiyo, pamoja na michango ya watoto na ya kigango, kikapatikana kirusha sauti na vifaa vipya, vyake na vya wazee wengine, vya bei na kampuni tofauti, kila mtu kwa uwezo wake.

Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili 2025, kirusha sauti kiliwashwa kwa mara ya kwanza, wazee wakiwa wameketi benchi la mbele na wasiwasi wao, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba vitu vya koo tofauti vitaelewana. Katekista wetu Timoth, akiwa sakristia, hakujua kwamba maikrofoni yake tayari inarusha, akawanong'oneza watumishi wa altare, “Msijali mkikosea, wale wazee hawasikii kitu.” Benchi zima la mbele likajibu kwa pamoja, “Tunasikia.” Timoth yupo hapa, ametusamehe kwa kulisoma hili. Mama Stefania alilia siku ile, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alimshika mkono mpaka misa ikaisha.

Mwezi Novemba 2025 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa Sumbawanga, akaambiwa ni moyo, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa dawa. Tarehe 18 Januari 2026 aliitisha mwenyewe kikao cha ukoo, akaweka kirusha sauti mkekani mbele ya Mzee Gaudensi, ambaye siku hizi naye anavaa vifaa, na akamwomba aseme. Mzee Gaudensi alisema ukoo unataka kumaliza deni la mwaka 2019, kwamba yeye marehemu azikwe Pito, shambani, kama mumewe alivyotaka, na ikiwezekana baadaye mume naye ahamishwe amfuate. Marehemu alimwambia, “Rudia, shemeji,” ingawa sote tulijua amesikia, naye akarudia. Kisha akajibu, “Flavian nilimpeleka Chala bila kusikia. Msimsumbue. Mimi nipelekeni Chala nikiwa nimesikia.”

Alifariki Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Pito, akiwa na watoto wake wote watatu, na ameacha wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mbeya na Sumbawanga, Padre na waamini wa kigango, majirani waliopika na kukesha nasi, wateja wake wa zamani wa mashine waliokuja na unga wao, na Mzee Gaudensi aliyerudia. Njiani leo asubuhi gari lilipopita shambani tulimwomba dereva apunguze mwendo, naye akapunguza.

Wazee wa benchi la mbele, kama mmesikia yote, nyosheni mikono. Mama, kaburi lako liko kando ya Flavian, ulipopataja kwa kinywa chako, na leo hapa hakuna aliyeitikia neno asilolisikia. Pumzika kwa amani.