Nilivyoiweka Chini Sufuria ya Maji Moto

Wamama wa Muthangari, mchungaji ameniomba nizungumze juu ya msamaha. Nitazungumza juu ya kesi.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la tatu, nikaja Nairobi na chanuo moja. Leo nina kibanda changu Kenyatta Market, na watoto wanne nimewasomesha kwa vidole hivi. Sijaomba mtu.

Kitinda mimba wangu nilimfundisha kusuka, na mkono wake ukawa mwepesi kuliko wangu. Siku moja mteja alirudi na nywele alizosukwa wiki tatu nyuma, akitaka asukwe tena bure. Binti yangu akakataa kwa adabu. Yule akaenda zake akicheka.

Baadaye ikatokea akaunti mtandaoni, haina jina la mtu, picha yake ni ua la njano. Ikaandika kwamba binti yangu ni mgonjwa, anawadunga wateja na sindano ya kushonea nywele kusudi awaambukize. Ikaweka picha yake na namba yake ya simu. Kila siku, miezi mitatu. Watu asiowajua wakampigia kumwambia afe. Ndugu zangu, nawaambia, hata humu ndani kuna waliosambaza hiyo kitu. Msiangalie chini. Nawajua.

Mtoto akaacha kula, akalazwa. Alipotoka hospitali mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi kugawa nywele mstari ukanyooka.

Polisi wakaniuliza, "Mama, mwenye akaunti ni nani?" Moyoni nilimjua, lakini moyo haupelekwi kortini.

Sasa sikieni kazi ya Mungu. Pale sokoni kichwa kimoja tunakisuka watu wawili, watatu, tumemzunguka mteja ili amalize haraka. Yeye anainama na simu yake, anasahau tuna macho. Yule dada, mteja wa nywele za wiki tatu, alikuja kusukwa safu ya vibanda vya nyuma yetu, akidhani kule hajulikani. Wasusi wawili wakaona ua la njano kwa skrini, na vidole vyake vinaandika jina la binti yangu. Mmoja akaendelea kusuka kama hakuna kitu. Mwenzake akapiga picha: simu, mkono, na kichwa kilichosukwa nusu.

Nilipoambiwa, nilibeba sufuria ya maji moto tunayochovyea ncha za rasta, zile nywele za kusukia, zisifumuke. Yule msusi wa picha akanishika kiuno.

"Mama, weka chini!"

"Niache nimpe cha kuandika!"

"Ukimmwagia, kesho mshtakiwa ni wewe na mgonjwa ni yeye. Ndivyo unataka?"

Nikaiweka chini. Hapo ndipo nilipomshinda. Wakammalizia nywele polepole, wakamwambia amependeza, nami nikakimbia kwa polisi na ile picha.

Simu yake ilipochukuliwa, akaunti ilikuwa humo. Watu wa kwao wakaja kwangu na sukari, mkate na unga. Shangazi yake akasema, "Mama, ni utoto tu. Alikuwa anatania."

Nikamwambia, "Maliza chai, shangazi, halafu ubebe unga wako."

Kortini wakili wake akauliza, maneno ya simu yanatetemesha mkono namna gani? Daktari aliyemtibu binti yangu akajibu yake. Mimi nikajibu yangu: "Mheshimiwa, kama maneno si kitu, basi wakili ayaandike hayo juu yake mwenyewe, na jina lake, tuone." Hakimu akaniambia nijibu swali tu. Sawa. Lakini wakili alikaa.

Akapatikana na hatia, akaamriwa agharamie matibabu. Sikulia. Nilimwangalia mpaka akatoka mlangoni.

Nawashukuru wale wasusi wawili waliotoa ushahidi bila kuogopa kukimbiwa na wateja. Namshukuru wakili wangu, aliyenisomea kila karatasi mara mbili. Namshukuru mmoja wenu aliyemnywesha binti yangu uji kwa kijiko.

Mkitukanwa kwa simu, msijibu, msifute. Pigeni picha, pelekeni polisi, na msipokee unga. Na wewe unayesema ulitumiwa tu ukatuma: kidole ni chako, kesi ni yako.

Mchungaji, unaniuliza kama nimesamehe. Bado. Juzi binti yangu alijaribu kunisuka tena. Mistari mitatu, yote imepinda. Ngojeni nivue kitambaa muione. Sitaifumua. Na mwenye simu apige picha. Hii naruhusu isambazwe mpaka imfikie yule wa ua la njano.