Sista Maximilla Bukuru: Aliyeupigania Upasuaji wa Siku Moja

Tarehe 30 Septemba, Sista Maximilla Bukuru anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi. Alianzia Kibondo, wodi ya wazazi, na miaka kumi na tisa ya mwisho amesimamia chumba cha upasuaji hapa kwetu, Kituo cha Upasuaji Mulera, Kasulu.

Kila mmoja wetu amewahi kufukuzwa naye mlangoni kwa sababu ya viatu vyenye tope. Daktari mkuu alifukuzwa mara mbili. Wagonjwa waliotetemeka kwa hofu aliwatania kwa Kiha mpaka wakacheka. Wengine walipitiwa na usingizi wa dawa wakiwa bado wanatabasamu.

Lakini siwezi kuandika habari zake nikamwacha Pasikali, mkulima wa kijiji cha Titye. Alikuja akiugua ngiri. Ulikuwa upasuaji wa saa moja tu, jioni angekuwa kwake. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake ya bima ya serikali, na mimi ndiye niliyepokea jibu: sheria hairuhusu bima kulipia upasuaji kwenye kituo kisicho na wodi ya kulaza. Sista akamwandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa, akamwambia, "Nenda, baba. Huko watakupokea."

Walimpokea, wakampangia arudi baada ya wiki sita. Wiki ya nne ngiri ilibana utumbo, naye akafia njiani.

Sista hakulia mbele yetu. Alianza kuandika barua: kwa mganga mkuu, kwa mbunge, kwa wizara. Ilipita miaka mitatu kabla ya kuitwa Dodoma, mbele ya kamati iliyokuwa ikipitia muswada wa marekebisho ya sheria hiyo ya bima. Nilimsindikiza. Mjumbe mmoja alimwuliza, "Huyo mgonjwa alikosa nini hasa?"

"Kitanda, mheshimiwa," alijibu. "Kitanda ambacho hakukihitaji."

Muswada ulipita, na tangu hapo watu mia nne na kumi na wawili wamepasuliwa hapa kwa bima na kurudi kwao siku hiyohiyo.

Siku habari zilipofika, sisi tulinunua soda. Yeye alivua aproni, akapanda gari la Titye kwenda kumwambia Niyonkuru, mjane wa Pasikali. Alinisimulia baadaye. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kumbe iliwezekana?"

Sista alichukua jembe, wakapalilia maharage pamoja mpaka jua likapoa.

Sista wetu, tunajua unaondoka na mzigo ambao pongezi zetu haziupunguzi. Asante kwa kuubeba na bado ukaja kazini kila asubuhi. Shamba lako la Kagerankanda likustawie, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na Mungu akupe miaka mingi yenye moyo mtulivu.

Yasmini Ridhiwani
Ofisi ya Bima