Herman Jilala, Ndugu wa Wasio na Kwao

Padri wetu, wazee wetu, wana Kalangalala na ninyi wachimbaji mliosimamisha kazi leo, poleni kwa msiba. Naitwa Valerian, mdogo wake Herman, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Herman Jilala alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1948, akasoma shule ya msingi hapo hapo misheni kuanzia 1957 hadi 1964, sekondari Tabora hadi 1970, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya sosholojia mwaka 1974, wa kwanza katika ukoo wetu.

Wenzake wa shahada ile walikwenda kufanya kazi magereza, benki na mashirika ya umma, naye alikuwa na nafasi ya wizarani mkononi, lakini akaomba kuwa Afisa Ustawi wa Jamii hapa Geita. Baba, aliyekwisha kuwatambia majirani kwamba mwanawe atarudi na gari, akamwona anarudi juu ya baiskeli, akanuna mwezi mzima.

Alipatanisha wanandoa na kuwatafutia yatima walezi, lakini kilichomshika moyo ni wachimbaji, kwa kuwa wengi hujulikana kwa majina ya utani tu, na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likimfukia mtu hakuna ajuaye kwao ni wapi. Ndiyo maana hakuweza kuitikia shikamoo bila kuuliza umezaliwa wapi, na baadhi yenu mlimkimbia mkidhani ni mtu wa kodi.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Euphrasia, mwalimu kutoka Chato, wakajaliwa Marselino na Bartholomeo.

Alianza kuugua figo Januari 1987, akafariki hospitalini Mwanza tarehe 9 Juni 1988. Sisi ndugu tulikwisha kuchimba kaburi Ushirombo, kando ya baba, na shemeji Euphrasia alipotuambia kwamba Herman aliomba alale hapa, tulimjia juu, tukasema mtu mwenye kwao hazikwi ugenini. Hakubishana, jana akatuleta makaburini hapa, akatuonyesha vibao vya mbao vya wachimbaji aliowazika Herman, Sauti, Kipara, Chapati, na chini ya kila jina imeandikwa kwa rangi ile ile: ndugu wa marehemu, H. Jilala. Tulilia kama watoto, na katika kaburi la Ushirombo tumeagiza uzikwe mgomba, maana kaburi likishachimbwa haliachwi tupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa ofisini, na wachimbaji mliochimba kaburi hili mkakataa hata chai mpaka limalizike.

Kaka, tukija kusafisha kaburi lako tutasafisha na ya hawa, maana ndugu zako ni ndugu zetu. Pumzika kwa amani, Herman, hapa ni kwenu.