Visiki Vilikuwa Hai

Sogeeni wanangu, na mlango uacheni wazi, maana yule aliyeketi kwenye benchi pale nje ni baba yenu mdogo, nimemwita mwenyewe, na haya nitakayosema nataka ayasikie kwa masikio yake. Msitazamane hivyo. Najua ni miaka kumi na tisa hajakanyaga hapa, na ni mimi niliyewakataza hata kumwamkia. Hilo tutalifikia. Sauti yangu imekuwa ndogo, kwa hiyo wa kukohoa akohoe sasa.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka mwisho wake, asije mtu kumhamishia godoro. Shamba la bondeni mtagawana watatu sawa kwa sawa, na binti yangu apewe fungu lake kamili, asiambiwe kwamba kaolewa. Hayo ni mepesi, yameandikwa, karatasi imo kwenye mkoba juu ya kabati. Kazi iko kwenye kilima.

Mwanangu mkubwa, juzi ulikuja na yule mwenye lori, mkasimama chini ya dirisha langu mkidhani nimelala, mkawa mnaipima miti kwa macho. Sikukasirika. Miti imenenepa, na kwa mchoma mkaa ni magunia yaliyosimama wima. Mimi nilikitazama kilima kile hivyo hivyo miaka ishirini. Nilikimaliza kwa shoka langu, tanuri baada ya tanuri, na sare zenu za shule zilitoka kwenye moshi ule. Sijutii sare. Nasema tu kwamba mti wa mwisho, ule mkubwa wa juu ya chemchemi, niliuangusha asubuhi moja kabla ya chai, na mvua za mwaka uliofuata zikachimba korongo, chemchemi ikakauka, mama yenu akawa anatembea saa nzima kwa ndoo moja ya maji.

Watu walipouliza nani kaharibu kilima, nikasema ni mbuzi wa mdogo wangu. Nilimpeleka mbele ya baraza, nikazungumza kwa ufasaha wangu wote, na mnanijua nikipata watu wa kunisikiliza. Yeye si msemaji. Alisimama kashika kofia mkononi, akasema, "Kaka, mbuzi wanarudi pale kwa sababu visiki viko hai. Vinachipua. Sasa ukitaka kuvi..." Hapo nikamkatiza. Nikawauliza wazee kama siku hizi tunafundishwa na mbuzi. Watu walicheka hata mwenyekiti akafuta machozi. Mdogo wangu akakatazwa malisho, akauza mbuzi wote, akahamia ng'ambo ya mto. Siku ile nilikifurahia kile kicheko. Leo kinaniuma kuliko hiki kifua.

Kisha nikaanza kupanda. Mnaikumbuka ile miche ya kwenye vifuko vyeusi. Binti yangu ulibeba maji mpaka bega likachubuka. Miaka minne, na kila kiangazi tunang'oa vijiti vikavu. Mwaka wa tano nikapita kwenye mpaka wetu na shamba aliloliacha baba yenu mdogo, nikakuta kisiki kimezungushiwa miiba iliyokwisha kuoza, na katikati yake mashina matatu yamenyooka, marefu kunipita, na makovu ya machipukizi mengine yaliyokatwa kwa kisu. Mkono ule naujua, tulilelewa pamoja. Kisiki chenyewe nilikuwa nimekikata mimi.

Nikaiga. Nikatembea kilima kizima, kisiki kwa kisiki, nikibakiza machipukizi matatu na kukata mengine. Hamkunisaidia sana, lakini tuyaache. Miti ikarudi, chemchemi ikaanza kulowanisha mchanga, na wageni wakaja na madaftari wakaniuliza nani kanifundisha. Nikasema nimegundua mwenyewe. Ile picha ukutani ni ya siku ile, ndiyo maana nimetoa meno yote.

Kwa hiyo sikilizeni. Kilima sikigawi. Majani mtakata, kuni kavu mtaokota, mizinga ya nyuki mtaning'iniza, lakini asipande mtu na shoka. Atakayekisimamia ni baba yenu mdogo, na baada yake, yule atakayemfundisha, awe mtoto wangu au mtoto wa jirani. Wageni wakirudi na madaftari yao, wapelekeni kwake, muwaambie baba alidanganya. Semeni hivyo hivyo, msilipambe. Na wewe mkubwa, usilitafute lile shoka. Mpini wake ndio uliochemsha chai mliyokunywa jana, nilimwomba mama yenu, na chuma chake kimo chini ya kitanda hiki. Mpeni baba yenu mdogo akitupe mwenyewe.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Kuna jambo moja bado. Upande wa korongo miti haikubali. Nimefanya kama kule kwingine, machipukizi matatu, kisu kikali, na kila mwaka yanakauka. Miaka kumi nimejiuliza nini nakosea. Nadhani ni lile neno ambalo sikumwacha alimalize. Nilikuwa naweza kuvuka mto nikamuuliza, safari ya nusu saa. Niliona haya, wanangu. Korongo limezidi kupanuka kwa sababu ya haya zangu.

Mungu awape afya na watoto wenye masikio. Mpendane, na mkishindwa kupendana, muachiane nafasi ya kusema. Kila mmoja wenu ameniridhisha, hata wewe wa lori. Mama yenu... mwambieni... yeye anajua.

Mdogo wangu. Ingia. Usisimame hapo mlangoni, njoo ukae hapa, kitandani. Nipe mkono... Siku ile kwenye baraza ulikuwa na neno. Wanao wako wote hapa, hakuna atakayecheka. Nanyamaza sasa... Malizia.