Bao Alilofunga Ngumbao Watu Wamelala

Kwenye kona ya njia iendayo kiwanja cha ndege, hapo Changamwe, palikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe kama benchi, mbele ya banda la kahawa la Mwanatatu. Vita vilikuwa vimekwisha, vijana waliokwenda kupigana Bama, kule Asia, wamerudi, na kila jioni vibarua wa bandarini na wa kiwanja cha ndege walikaa pale wakapoza miguu na kupasha moto midomo. Wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Kalama. Walimwita Kapteni, ingawa mguu wake haukuwahi kugusa mpira ila ule uliotoka nje akaurudisha. Timu yake ilikuwa Kaza Moyo. Aliipenda hivi kwamba alikuwa akienda kuifyekea kiwanja huku mahindi yake mwenyewe yakimezwa na magugu, na mkewe Nyevu alipomsema, alijibu kwamba mahindi hayana mechi Jumapili.

Jumatatu hiyo kijiwe kilikuwa na jambo moja tu. Jana yake Kaza Moyo walicheza hapo hapo Changamwe na timu ya Bofu, kutoka ng'ambo ya feri ya Likoni. Dakika zikiwa zimebaki chache, hakuna aliyefunga, ndege ilitokea nyuma ya minazi, ikashuka chini kupita kiasi, ikapita juu ya kiwanja kwa ngurumo iliyotikisa milingoti ya goli. Watu wote walijitupa chini: wachezaji, watazamaji, na refa pia. Mtu mmoja tu hakulala. Ngumbao, winga wa Kaza Moyo, alikimbia na mpira wake katikati ya watu waliolala, akampita golikipa aliyelala kifudifudi, akafunga. Walipoinuka wakijipangusa vumbi, mpira ulikuwa wavuni na Ngumbao amesimama kando yake, mikono kiunoni. Bofu walisema si bao. Refa aliulizwa, akasema mdomoni mwake mlikuwa na mchanga, asihojiwe. Watu wakaenda kwao wakitukanana.

— Bao ni bao, alisema Kalama, akipokea kikombe. Nani aliwaambia walale? Sisi tulikwenda pale kucheza mpira au kulala?

— Na wewe ulilala, Kapteni, alisema Mwanatatu bila kumtazama. Nilikuona na shati lako la kanisani.

— Mimi si mchezaji. Mtazamaji ana ruhusa.

Mwarandu, ambaye kijiweni aliitwa Redio kwa sababu habari zilimfikia kabla hazijatokea, alisogea mbele.

— Nyinyi mnabishana bure. Ile ndege haikupotea njia. Nimesikia kwa mtu anayefua nguo za rubani. Rubani ni mshabiki. Kila Jumapili anapita kutazama, jana akataka kuona vizuri.

— Mshabiki wa nani? aliuliza Kenga.

— Wetu, bila shaka. Anakaa Changamwe, atashabikia Bofu kwa lipi?

Kenga aliitwa Spana. Alikuwa akiosha mitambo kwenye karakana ya kiwanja cha ndege, na kwa ajili hiyo alijiona fundi.

— Redio, hujui ndege. Ndege ikishuka vile, upepo wake unavuta. Mimi nasema mpira ule ulivutwa. Ngumbao alikuwa anaufuata tu asiachwe.

— Ati ulivutwa, alisema Kalama. Mbona hukuvutwa wewe?

— Nilishika nyasi.

— Basi nasema hivi, Redio akaingilia. Ngumbao kule Bama walimpa dawa. Wale askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wote walichanjwa wasiogope chuma. Ukimpigia mzinga sikioni atakuuliza saa ngapi.

Kalama alicheka, lakini hilo la mwisho lilimpendeza. Tangu jana alikuwa amekwisha kulisimulia bao lile kwa kila aliyempata njiani, na kila aliposimulia Ngumbao alizidi urefu na ndege ilizidi kushuka. Kibarua kama wao, asiye na kitu, alikuwa amesimama wima mbele ya eropleni ya wakubwa ilhali kila mtu yuko chini. Kalama aliona kama yeye mwenyewe ndiye aliyesimama. Asubuhi hiyo bwana wa kiwanja cha ndege, alikofanya kibarua cha kufyeka nyasi, alipomfokea kwa kuchelewa, kwa mara ya kwanza maishani hakuinamisha kichwa.

Ngumbao mwenyewe alikuwa pale pale, mwisho wa taruma, akinywa kahawa yake kimya kama kawaida. Sifa zote hizo alizipokea kwa kutabasamu kidogo, kama mtu anayesifiwa kwa lugha ya kigeni.

Hapo ndipo akaja kijana mrefu wa mabega mapana, suruali imeloa magotini kwa maji ya feri. Alivua kofia.

— Hodi hapa. Mmeshindaje, wazee wangu?

— Tumeshinda salama, alijibu Kalama, kisha akamtambua. Si wewe golikipa wa Bofu?

— Ndimi. Naitwa Jefwa. Nimetumwa na wenzangu, tunaomba mchezo urudiwe.

— Haurudiwi, alisema Kalama. Karibu kahawa, lakini haurudiwi. Hata mkija na feri yenyewe.

Jefwa alikaa. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala usingizi.

— Mzee Kapteni, nyinyi mnacheka hapa. Mimi leo nikipita njiani kule kwetu, watu wananilalia chini. Watu wazima, wenye ndevu zao, wananiona nakuja wanalala kifudifudi. Mamangu, Kafedha, ametoka kisimani na ndoo tupu kwa kuona haya. Wengine wanasema nimeuza mchezo. Sikuja kuomba huruma. Nataka kuuliza neno moja tu.

— Uliza.

— Filimbi ililia?

Kalama alifungua mdomo, akakumbuka kwamba wakati ule masikio yake alikuwa ameyaziba kwa viganja, akaufunga. Redio akasema yeye alikuwa mbali kidogo, kwenye mihogo, kwa haja zake. Spana akasema ngurumo ya injini ya namna ile humeza kila sauti, hata ya filimbi.

— Basi hakuna anayejua, alisema Jefwa. Ikiwa refa alipuliza, mpira ulikuwa umekufa. Ikiwa hakupuliza, ni bao, nami nitalikubali mbele ya watu. Akamgeukia Ngumbao. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama. Ulisikia?

Ngumbao aliendelea kunywa kahawa. Jefwa alirudia swali. Ngumbao akashtuka, akageuza kichwa chote upande wake.

— Unasema nami?

— Nakuuliza kama ulisikia filimbi.

Ngumbao aliweka kikombe chini, polepole.

— Sikusikia filimbi, alisema. Sikusikia ndege pia.

— Hukusikia ndege? aliuliza Redio. Ndege ile iliyoamsha maiti?

— Sikio hili lilibaki Bama, mzinga ulipasukia karibu. Hili jingine linasikia nusu, mtu akiwa karibu na mimi nikimtazama mdomo. Jana niliona wenzangu wanaanguka, nikadhani wameteleza. Nikaona golikipa amelala, nikadhani ananidharau, ananiambia funga tu. Nikakasirika, nikafunga. Ndege nimeiona mgongo, ikienda zake.

Mwanatatu alisimama na dele la kahawa mkononi, hamiminii mtu. Kumbe shujaa wa Kalama, tangu jana hadi leo, alikuwa mtu asiyesikia. Lakini haikuchukua muda akawaza jambo jingine, baya zaidi. Ngumbao alifanya kibarua ndani ya tumbo la meli, kule Kilindini, chini ya winchi inayoshusha magunia. Mtu wa mle huokolewa na ukelele wa wenzake. Nyapara akijua, Ngumbao hatapewa kazi tena, si kesho wala siku nyingine. Na hapa amekaa Redio. Na huyu kijana wa Bofu, kwa mabega hayo, naye bila shaka ni wa magunia.

— Wewe Jefwa, kazi yako wapi?

— Kilindini.

— Nyapara wako ni nani?

— Huyo huyo wa huyu bwana Ngumbao. Yeye hushuka na kundi la asubuhi, mimi la mchana.

Bao ambalo Kalama alikuwa tayari kulifia, alilitoa kwa mdomo wake mwenyewe kama si lake.

— Chukueni mchezo wenu. Utarudiwa huko kwenu Bofu, siku mnayotaka. Bao tumelitoa. Lakini maneno ya hapa yatabaki hapa. Redio, nakuapia, hili likifika bandarini nitajua limepita mdomo gani.

Jefwa alisimama nusu, uso umemwiva.

— Unaninunua, mzee? Mimi nimekuja kwa ajili ya jina langu, sikuja kuuza tonge la mtu.

— Tulieni, alisema Ngumbao, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko walivyozoea. Kalama, nakuheshimu kama kaka, lakini bao si lako na sikio si lako. Nimo ndani ya meli zile tangu nivue nguo za askari, na gunia halijaniangukia. Unajua kwa nini? Mimi natazama juu. Wenye masikio mawili hawatazami. Kesho nitamwambia nyapara mwenyewe, kwa kinywa changu. Sitaki kukaa kwenye benchi nikiogopa kila anayekunywa kahawa.

— Atakufukuza, alisema Kalama.

— Anifukuze akinitazama usoni. Na mchezo tuurudie, si kwa sababu yako. Nataka nimfunge huyu akiwa amesimama.

— Hunifungi, alisema Jefwa.

— Tutaona.

Kesho yake asubuhi Kalama hakwenda kufyeka nyasi za bwana. Alivuka Makupa kwa miguu akaingia kisiwani mpaka lango la bandari, akasimama ng'ambo ya njia. Alimwona Ngumbao akisema na nyapara, akimgeuzia sikio la nusu. Nyapara alitikisa kichwa, akamsukuma kando ya mstari, akaendelea kuchagua watu. Ngumbao hakuondoka. Alibaki pale pale aliposukumwa, mikono kiunoni. Jefwa, ambaye zamu yake haikuwa imefika, alitoka kwenye kivuli cha ukuta akaenda kusimama kando yake. Kalama hakusikia walichosema. Aliona tu mzee mmoja wa kundi, aliyekwisha chaguliwa, anatoka mstarini na kusimama nao, kisha mwingine. Meli ilikuwa imefungua tumbo, winchi inangoja. Nyapara alitazama meli, akatazama watu, akatema mate, akawapungia wote mkono waingie. Lakini hakumpa Ngumbao kazi ya chini. Alimweka juu, ukingoni, amwoneshe mtu wa winchi kwa mikono wakati wa kushusha na wa kusimama, kazi ambayo haitaki sikio. Kama ilikuwa adhabu au heshima, nyapara hakusema.

Kalama alirudi Changamwe akakuta nafasi yake ya kufyeka imepewa mtu mwingine. Hakuomba. Aliingia kwenye mahindi yake na jembe, akalima mpaka jua likazama, akiimba.

Mchezo ulirudiwa Bofu, na Kaza Moyo walivuka feri na wake zao wote isipokuwa Nyevu, aliyesema mpira haujamfaa kitu. Refa alikubali kupuliza filimbi huku ameinua mkono, ili Ngumbao aone. Kalama aliporudi nyumbani usiku ulikuwa unaingia, sauti imemkauka, na shati la kanisani limechanika kwapani.

— Nani kashinda? Nyevu alimwuliza, akipakua.

— Ngumbao alipiga shuti, mke wangu, sijapata kuona. Jefwa akaruka, akaudaka hewani.

— Nimekuuliza nani kashinda.

Kalama alinawa mikono, akakaa mkekani.

— Ndiyo nakujibu, alisema. Wameshinda hao wawili.