Mlevi wa Stoo Asiyekunywa Hata Chai

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Elkana Nchagwa anarudisha funguo za stoo ya shule yetu hapa Macalder, baada ya miaka thelathini na moja. Alikuja kutoka Kegonga na shati mbili na Biblia moja. Hakuna gunia ya maharagwe imewahi kupotea mikononi mwake, na sisi wa jikoni tulijaribu.

Huyu mzee ni Msabato wa ndani kabisa. Chai hanywi, kahawa ndiyo usimtajie. Sasa miaka mitatu iliyopita mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, akawa anaburuta miguu, uso umekauka, ukimtania hacheki. Sisi watu wa akili nyingi tukajua mara moja: chang'aa. Mimi Rispa ndiye nilisema kwanza, na nilisema vizuri mpaka ikafika ofisini. Nilimuuliza mbele ya watu, "Mzee, leo umepitia kwa nani?" Akanijibu polepole, "Kwa mahindi yenu, Mama Bravin."

Barua ya kumfukuza ikaandikwa, ikabaki sahihi tu. Miaka ishirini na nane na pensheni, yote iende kwa pombe hajawahi hata kunusa. Wakamwambia ajieleze kwa maandishi. Akajaza ukurasa, lakini herufi zilianza kubwa zikaisha kama mayai ya chawa. Liz, nesi wetu, akaiangalia akasema huyu si mlevi, ni mgonjwa. Akampeleka Homa Bay. Daktari akamtembeza, akamkunja mkono, akasema ni Parkinson: kuna kitu ubongo hutengeneza cha kuendesha mwili, na yake imepungua. Haiponi, lakini mtu anaishi nayo.

Na ameishi. Dawa anameza kwa saa, kabla ya chakula, maana maharagwe huizuia kufanya kazi. Miguu ikigoma mlangoni, tunamwekea kipande ya kuni chini. Akiona kitu ya kuvuka, miguu inakumbuka kazi. Na siku hizi tunajua anacheka ndani, uso ndio umekataa kutangaza.

Ile barua haikupata sahihi. Anaondoka kwa tarehe yake, na pensheni yake, na jina lake. Sisi tuliotaka aende mapema ndio sasa tunazunguka tukiuliza nani atapima unga.

Asante, mzee, hata kwa kutouliza nani alianza hiyo maneno. Nenda nyumbani salama. Miaka ikuje mingi, na isikuharakishe.